Mwongozo: Kupanga safari ya wanyamapori katika jangwa la kaskazini mwa Kenya kutokea Kigali

Na Mwandishi Wetu, Kigali

KIGALI – Mkazi wa jiji hili anayetaka kuona simba au kifaru hana haja ya kwenda mbali. Hifadhi ya Akagera, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 1,122, iko mwendo wa saa chache kwa gari. Simba walirudishwa huko mwaka 2015 na vifaru weusi mwaka 2017. Mtu hutoka nyumbani alfajiri, huona wanyama, na jioni yuko Remera anakula brosheti.

Safari ya nchi ya jangwa ni jambo jingine kabisa. Huko mnyama yuko, lakini kati yako na yeye kuna mamia ya kilomita zisizo na pampu ya mafuta, gereji, wala bomba la maji. Anayepanga safari hiyo kama anavyopanga Akagera atapoteza pesa, na akikosa bahati atapoteza zaidi ya pesa.

Jangwa linapotajwa katika biashara ya utalii wa Afrika, wengi hufikiria Namibia, nchi ya watu wapatao milioni 3 katika eneo la kilomita za mraba 824,000. Lakini mfanyabiashara na msafirishaji wa Rwanda analo jangwa la karibu zaidi, ambalo anaweza kulifikia kwa gari lake mwenyewe na kwa kitambulisho cha taifa: kaunti za kaskazini mwa Kenya, yaani Isiolo, Samburu, Marsabit na Turkana.

Makala haya yanaeleza namna ya kupanga safari hiyo. Yamelenga zaidi wasomaji wetu walio katika uchukuzi na biashara ya mipakani, kwa sababu safari ya jangwani haina tofauti kubwa na kupeleka mzigo mahali pasipo na huduma. Kinachoamua mafanikio ni hesabu ya umbali, mafuta, maji na uzito.

NCHI YENYEWE IKOJE

Kaunti ya Marsabit peke yake ni kubwa kuliko Rwanda zaidi ya mara mbili na nusu. Kwa mujibu wa sensa ya Kenya ya mwaka 2019, kaunti hiyo ilikuwa na watu 459,785, wastani wa watu sita hivi kwa kila kilomita ya mraba. Sensa ya Rwanda ya mwaka 2022 ilipata wastani wa zaidi ya watu 500 katika eneo kama hilo.

Tofauti hiyo ndiyo chanzo cha kila gharama katika safari hii. Mahali penye watu sita hakuna mtu atakayejenga kituo cha mafuta kila baada ya kilomita 20.

Historia nayo ilichangia. Enzi za ukoloni eneo hilo liliitwa Northern Frontier District, na serikali ya Waingereza ililifunga. Msafiri hakuruhusiwa kuingia bila kibali. Baada ya uhuru, barabara zilichelewa kufika huko kwa miongo mingi, kiasi kwamba mtu wa Marsabit aliyekuwa akienda Nairobi alizoea kusema "naenda Kenya".

Hali ilibadilika lami ilipofika. Barabara ya Isiolo hadi Moyale, yenye urefu wa kama kilomita 500, ilijengwa kwa awamu na kukamilika katikati ya muongo wa 2010. Kabla ya hapo malori yalikwenda kwa msafara yakisindikizwa na askari, na abiria wakikaa juu ya mzigo au juu ya ng'ombe. Leo gari dogo linaweza kutoka Isiolo asubuhi na kufika Marsabit kabla ya chakula cha mchana.

Lakini ikumbukwe kwamba lami hiyo ni mstari mmoja tu. Ukiiacha kwenda magharibi, kuelekea Ziwa Turkana, unarudi katika nchi ile ya zamani.

WANYAMA GANI WAKO HUKO

Kivutio cha kwanza ni hifadhi tatu zinazopakana karibu na mji mdogo wa Archer's Post, kama kilomita 40 kaskazini mwa Isiolo. Hizo ni Samburu, inayosimamiwa na kaunti ya Samburu, pamoja na Buffalo Springs na Shaba, zinazosimamiwa na kaunti ya Isiolo. Mto Ewaso Nyiro hupita hapo, na katika nchi kavu kama hiyo wanyama wote hulazimika kuja mtoni.

Wapo tembo wengi, chui, simba na mamba. Lakini kinachowapeleka watu huko ni wanyama watano ambao ni wa nchi kavu za kaskazini na hawapatikani Akagera:

- Punda milia wa Grevy, mwenye mistari myembamba na masikio makubwa. Wamebaki takriban 3,000 porini duniani kote, wengi wao nchini Kenya.
- Twiga wa kaskazini, mwenye madoa yaliyopangika kama wavu.
- Choroa, mwenye pembe ndefu zilizonyooka.
- Swala twiga, mwenye shingo ndefu, anayesimama kwa miguu ya nyuma kula majani ya juu.
- Mbuni wa Kisomali, ambaye dume lake lina shingo na mapaja ya rangi ya buluu.

Kituo cha pili ni Mlima Marsabit. Ni msitu wenye ukungu uliosimama katikati ya jangwa, na ndani yake kuna maziwa ya kreta. Hapo ndipo alipoishi tembo Ahmed, aliyewekewa ulinzi maalumu kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta kwa sababu ya pembe zake ndefu mno. Alikufa mwaka 1974, na sanamu yake iko katika Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi. Tembo wapo Marsabit hadi leo, ila msitu ni mzito na mgeni anaweza kukaa siku nzima asimwone hata mmoja. Mteja aambiwe hivyo mapema.

Kituo cha tatu ni Jangwa la Chalbi na Ziwa Turkana. Chalbi ni sakafu ya ziwa lililokauka zamani, nyeupe kwa chumvi. Ziwa Turkana lina urefu wa kama kilomita 250 na ndilo ziwa kubwa kuliko yote duniani yaliyo jangwani yasiyokauka. Hifadhi zake za Sibiloi, Kisiwa cha Kati na Kisiwa cha Kusini ni Urithi wa Dunia wa UNESCO, na mwaka 2018 ziliingizwa katika orodha ya maeneo yaliyo hatarini.

Upande huu wanyama ni wachache na wametawanyika. Watu huenda kwa ajili ya nchi yenyewe, mamba, ndege wa majini na wenyeji kama Wagabra, Warendille, Wasamburu, Waturkana na Waelmolo. Anayetaka wanyama peke yake asiende mbali kuliko Samburu. Ushauri huu unaweza kumwokolea nusu ya bajeti.

KWENDA KWA GARI AU KWA NDEGE

Hili ndilo swali la kwanza la kiuchumi, na wengi hulijibu vibaya kwa sababu wanalinganisha bei ya tiketi na bei ya mafuta peke yake.

Kwa gari, njia ya kawaida ni ile ile ya malori ya Ukanda wa Kaskazini: Kigali, Gatuna, Kampala, Malaba, Eldoret, Nakuru. Kutoka Nakuru si lazima kuingia Nairobi. Unaweza kupita Nyahururu, Nyeri na Nanyuki hadi Isiolo. Jumla ni kama kilomita 1,300 kwenda peke yake.

Tuchukulie gari la dizeli linalotumia lita 13 kwa kilomita 100 barabarani. Kwenda na kurudi Isiolo ni lita 340 hivi. Kwa macho ya haraka hiyo ni nafuu kuliko tiketi nne za ndege.

Lakini kilomita 1,300 ni siku tatu kwa dereva anayejali usalama, na kurudi ni siku tatu nyingine. Hizo ni siku sita za malazi, chakula, posho ya dereva na uchakavu wa gari, bila kuona mnyama hata mmoja. Kama gari hilo kwa kawaida linaingiza pesa kila siku, basi mapato ya siku sita yaliyopotea nayo ni sehemu ya gharama. Wahasibu wa kampuni za uchukuzi wanalijua hili, lakini wenye magari wengi hulisahau wakishavaa kofia ya likizo.

Kwa ndege, kuna safari za moja kwa moja kati ya Kigali na Nairobi, angani chini ya saa mbili. Kutoka hapo unakodi gari lenye dereva anayeijua kaskazini, au unapanda ndege ndogo kutoka uwanja wa Wilson hadi viwanja vya Samburu. Kwa ndege hizo ndogo mzigo huwa kilo 15 kwa mtu, katika mkoba laini.

Kanuni rahisi ni hii: mwenye wiki moja apande ndege. Mwenye wiki mbili, au mwenye shughuli nyingine njiani kama vile kufuatilia mzigo Malaba au kukutana na wateja Kampala na Eldoret, anaweza kwenda kwa gari na kugawa gharama kati ya biashara na likizo.

HATI ZA SAFARI

Tangu Januari 2014, raia wa Rwanda, Uganda na Kenya husafiri katika nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa. Watoto wasio na kitambulisho wanahitaji pasipoti au hati ya kusafiria. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hawahusiki na kibali cha kielektroniki ambacho Kenya ilianza kuwadai wageni wengine Januari 2024.

Mgeni wa kigeni aliyeko Kigali anaweza kutumia viza ya pamoja ya utalii ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 2014. Ada yake ni dola 100 za Marekani, hudumu siku 90, na humruhusu kuingia na kutoka mara nyingi Rwanda, Uganda na Kenya. Sharti ni kwamba aiombe katika nchi atakayoingia kwanza.

Kwa upande wa gari, msafiri wa Rwanda ajihadhari na mkanganyiko wa "kadi za njano", kwa kuwa ziko tatu na kila moja ina ofisi yake:

- Kadi ya njano ya gari, yaani karte jone, inayoonyesha mwenye gari. Kama gari si lako, beba barua ya ruhusa ya mwenyewe.
- Kadi ya njano ya COMESA, ambayo ni bima ya ajali kwa mtu wa tatu katika nchi za nje. Huchukuliwa kwa kampuni ya bima ya Rwanda kabla ya kuondoka.
- Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo maafisa wa afya wanaweza kuidai mpakani.

Mpakani gari hupewa kibali cha muda cha forodha. Tarehe ya mwisho ya kibali iandikwe mahali pa kuonekana, maana kukaa jangwani siku mbili zaidi kwa sababu ya matope si hoja inayokubaliwa na forodha.

Madereva wa malori hawahitaji kukumbushwa kwamba baada ya Gatuna gari huhamia upande wa kushoto wa barabara, na kwamba saa ya Uganda na Kenya iko mbele ya Kigali kwa saa moja. Wenye magari binafsi wanahitaji.

Aidha, mpango mzuri huwa na njia mbadala. Wasafirishaji wanakumbuka kwamba mpaka wa Gatuna ulifungwa Februari 2019 na haukufunguliwa hadi 31 Januari 2022. Mbali na Kagitumba, iko njia ya Rusumo kupitia Tanzania hadi Namanga. Ni ndefu zaidi, na Tanzania haimo katika mpango wa vitambulisho, hivyo pasipoti inahitajika. Kadi ya COMESA inatambuliwa huko pia, ingawa Tanzania ilijitoa katika jumuiya hiyo mwaka 2000.

MAJIRA

Mvua ndefu kaskazini huja kati ya Machi na Mei, na fupi kati ya Oktoba na Desemba. Wakati mzuri ni Juni hadi Septemba, na Januari hadi Februari, wanyama wanapokusanyika mtoni na njia zikiwa kavu.

Mtu anaweza kudhani kwamba jangwani mvua si tatizo. Ukweli ni kinyume. Chalbi ikinyeshewa hugeuka tope lisilo na sakafu, na gari lililozama hapo linaweza kukaa siku kadhaa. Mto Ewaso Nyiro nao hufurika kwa mvua iliyonyesha mbali milimani. Machi 2010 mafuriko yake yalibomoa kambi na hoteli kadhaa za kitalii huko Samburu.

Ukame una hasara zake pia. Kati ya Februari na Oktoba 2022, serikali ya Kenya iliripoti vifo vya tembo 205 na punda milia wa Grevy 49 kutokana na ukame. Mwaka kama huo wafugaji nao huwa katika dhiki, hugombea malisho, na usalama hupungua. Kwa hiyo kabla ya kulipa amana yoyote, uliza mvua mbili zilizopita zilikuwaje.

HESABU YA MAFUTA, MAJI NA UZITO

Hapa ndipo msafirishaji anapomzidi mtalii wa kawaida. Tuchukue mzunguko huu: Isiolo, Marsabit, Maikona, Kalacha, North Horr, Loiyangalani, kisha kurudi kwenye lami Laisamis na kuteremka hadi Isiolo. Ni karibu kilomita 950.

Kati ya hizo, kama kilomita 520, yaani kutoka Marsabit kuzunguka ziwani hadi Laisamis, hazina kituo cha uhakika. Katika vijiji kuna mafuta ya kuuzwa kwa pipa, lakini bei huwa ya juu, usafi wake ni wa mashaka, na siku nyingine hayapo. Yasiingizwe katika hesabu.

Kwenye mchanga na mawe gari hilo hilo litatumia lita 20 kwa kilomita 100. Kilomita 520 ni lita 104. Ongeza nusu yake kama akiba ya kupotea, kuzunguka korongo na kujinasua, unapata lita 156. Tangi la kawaida la Land Cruiser ya kazi ni lita 90. Pengo ni lita 66, yaani madumu manne ya lita 20.

Maji: lita 10 kwa mtu kwa siku, ya kunywa na kupika. Watu watano pamoja na dereva, kwa siku nne, ni lita 200. Yawekwe katika vyombo viwili au zaidi, kwa sababu dumu moja likipasuka msafara mzima hubaki na kiu.

Sasa jumlisha uzito. Maji kilo 200, dizeli ya akiba kilo 66, watu watano kilo 375, mikoba kilo 75, mahema na chakula kilo 80. Hiyo ni karibu kilo 800 kabla ya kupakia spea. Gari linakaribia ukomo wake, na mteja wa sita "mwembamba tu" hana nafasi. Kama watu ni sita, yachukuliwe magari mawili. Magari mawili ni bora kwa vyovyote, kwa kuwa moja likizama lingine hulivuta.

Bei ya mafuta nchini Kenya hutangazwa na mamlaka ya EPRA tarehe 14 ya kila mwezi na kuanza kutumika siku inayofuata. Kila mji una bei yake ya juu kabisa. Safari inayovuka tarehe hiyo iwe na akiba katika bajeti.

Vifaa vya lazima:

- Tairi mbili za akiba. Njia za karibu na Loiyangalani zina mawe ya volkano yanayokata tairi ubavuni.
- Jeki yenye ubao wa kuwekea chini, koleo, kamba ya kuvutia na mbao au mabati ya kutolea gari mchangani.
- Pampu ya upepo. Kwenye mchanga tairi hupunguzwa upepo, na kwenye mawe huongezwa tena.
- Mkanda wa feni, mipira ya maji ya injini, chujio la dizeli na la hewa.
- Simu ya setilaiti. Mtandao wa kawaida hupotea mara tu unapoacha vijiji.
- Sanduku la huduma ya kwanza na dawa za kila abiria.

Ikumbukwe pia kwamba tangu 5 Juni 2020 Kenya imepiga marufuku plastiki za kutumia mara moja katika hifadhi zake. Katoni za maji ya chupa zitakuletea usumbufu langoni, hivyo tumia madumu.

USALAMA

Kaskazini mwa Kenya pana historia ya wizi wa mifugo na ujambazi wa barabarani. Mei 2022 serikali iliweka amri ya kutotoka nje usiku katika kaunti ya Marsabit. Februari 2023 ilitangaza sehemu za kaunti kadhaa, zikiwemo Turkana na Samburu, kuwa maeneo yenye vurugu na hatari.

Hiyo haina maana kwamba safari haiwezekani. Ina maana kwamba taarifa ya mwezi uliopita haitoshi. Ulizia polisi Isiolo na Marsabit, ofisi za Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, na madereva wa malori ya mifugo katika soko la Merille lililo kando ya barabara kuu. Madereva hao hujua njia iliyofungwa kabla ya ofisi yoyote.

Safiri mchana tu. Iachie hoteli ratiba yako na saa unayotarajiwa kufika. Chukua kiongozi mwenyeji wa kila eneo unalopita. Posho yake ni ndogo, na kazi yake si kuonyesha njia tu bali pia kukutambulisha kwa wenyeji. Usipige watu picha bila kuafikiana nao.

Kwa dharura za kiafya, AMREF Flying Doctors wana uanachama wa muda kwa wasafiri, unaogharimia kuchukuliwa kwa ndege. Hospitali kubwa ziko mbali mno kwa gari. Gharama hii isikatwe hata bajeti ikibana.

MALIPO YA HIFADHI

Hifadhi za KWS, kama Marsabit na Sibiloi, hulipiwa kwa mtandao wa serikali wa eCitizen, kwa simu au kadi. Pesa taslimu hazipokelewi langoni. Samburu, Buffalo Springs na Shaba ni za kaunti, na kila kaunti hupanga viwango vyake. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiasi kidogo kuliko wageni wa mbali, lakini lazima waonyeshe kitambulisho. Kwa kuwa viwango hubadilika, vihakikishe wiki ya kuondoka.

Lipa mtandaoni ukiwa Isiolo au Marsabit mjini, ukapate risiti, na uichapishe. Mbele huko hakuna mtandao wa kukuokoa.

RATIBA YA MFANO KUTOKA ISIOLO

Siku ya 1: Isiolo hadi Samburu. Mzunguko wa jioni kando ya mto.
Siku ya 2: Samburu na Buffalo Springs siku nzima.
Siku ya 3: Samburu hadi Marsabit kwa lami. Jaza mafuta na maji, lipia hifadhi.
Siku ya 4: Msitu wa Marsabit asubuhi. Mchana kukagua magari na kuulizia njia.
Siku ya 5: Marsabit, Maikona, Kalacha, kupitia ukingo wa Chalbi. Ondoka alfajiri.
Siku ya 6: Kalacha, North Horr, Loiyangalani.
Siku ya 7: Mapumziko Loiyangalani. Kijiji cha Waelmolo na ufuo wa ziwa.
Siku ya 8: Loiyangalani, Laisamis, Isiolo.

Barabara ya siku ya 8 ina historia inayowahusu wasafirishaji. Sehemu yake ya kilomita 208 iliboreshwa ili kupitisha malori yaliyobeba mitambo 365 ya umeme wa upepo ya mradi wa Lake Turkana Wind Power, wenye uwezo wa megawati 310, uliozinduliwa rasmi Julai 2019. Bila mzigo huo, njia hiyo pengine ingebaki ya ngamia.

Sibiloi haimo katika ratiba hii kwa makusudi. Iko mbali kaskazini mwa Loiyangalani na inahitaji siku tatu zaidi pamoja na hesabu mpya ya mafuta. Isiongezwe njiani kwa sababu mteja ameona picha.

NAFASI KWA KAMPUNI ZA KIGALI

Mtalii anayelipa dola 1,500 kwa kibali cha sokwe wa milimani nchini Rwanda, ada iliyowekwa mwaka 2017, mara nyingi huendelea Masai Mara au Serengeti. Jangwa la kaskazini linauzwa na wachache. Kampuni ya Kigali inayoweza kuunganisha msitu wa Musanze na Samburu kwa viza moja ina bidhaa ambayo wengi hawana.

Lakini leseni ya Kigali haitoshi kufanya kazi ya kutembeza watalii nchini Kenya. Kazi hiyo husajiliwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii ya Kenya. Njia ya busara ni kuingia mkataba na kampuni ya Kenya iliyosajiliwa, yenye magari na madereva wa kaskazini, na kugawana faida. Mkataba uandike nani anabeba gharama gari likikwama siku mbili, nani anarudisha amana njia ikifungwa kwa usalama, na bei ya mafuta imekokotolewa kwa tarehe ipi. Bila vipengele hivyo vitatu, hasara yote itamwangukia aliyepokea pesa ya mteja, naye ni wewe uliyeko Kigali.

KWA UFUPI

Kabla ya kumwambia mteja au familia "tunaondoka", majibu ya maswali haya yawe yameandikwa kwenye karatasi:

- Mvua mbili zilizopita zilikuwaje, na njia iko wazi kwa taarifa ya wiki hii?
- Kadi zote tatu za njano zipo, na kibali cha gari kinaisha lini?
- Sehemu ndefu zaidi isiyo na pampu ni kilomita ngapi, na tumebeba mara moja na nusu ya mafuta yake?
- Maji ni lita ngapi kwa mtu, na yako katika vyombo vingapi?
- Uzito wote ni kilo ngapi?
- Tukikwama, nani anajua tulipo, na atatufikia baada ya muda gani?

Swali lisilo na jibu linatosha kuahirisha safari. Jangwa litakuwepo mwaka ujao, na kiangazi cha Juni hurudi kila mwaka.